Karatasi, Kalamu ya Risasi na Kompyuta

Mtihani ulio mzee kuliko yote katika nchi yetu ya Bungoma haukuandikwa kwenye karatasi. Kila mwaka wa shufwa, ufikapo mwezi wa Agosti, mvulana wa Kibukusu aliyefikia umri wa kutahiriwa husimama alfajiri kwenye ua wa babaye, mwili umepakwa udongo wa mtoni, na jamaa zake wamemzunguka. Ngariba hufanya kazi yake, naye mvulana hatakiwi hata kupepesa jicho. Matokeo hayangojewi miezi miwili. Hutangazwa papo hapo kwa vigelegele. Hapana awezaye kusema baadaye kwamba aliyesimama pale hakuwa yeye, wala kwamba matokeo yaligeuzwa usiku. Watu wote walikuwa wasahihishaji, na watu wote walikuwa mashahidi.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu kuna swali linaloulizwa sana siku hizi: je, mitihani ya shule iendelee kufanywa kwa karatasi, au ihamie kwenye kompyuta? Wanafunzi wangu hapa Myanga, kati ya mji wa Bungoma na Malaba, hulijadili kana kwamba limezaliwa jana. Walakini ni swali la kale lililovaa nguo mpya. Chombo cha mtihani kimebadilika mara nyingi, na aghalabu sababu ilikuwa moja: watu walitafuta mtihani ambao wangeweza kuuamini. Na kila kilipobadilika, kilibadilisha pia jambo ambalo hapana aliyelikusudia. Tuifuate historia hiyo hatua kwa hatua, ndipo tutoe hukumu.

Wachina ndio walioujenga mtihani wa maandishi ukawa nguzo ya serikali. Kwa muda wa karne 13 hivi, mpaka ulipofutwa mwaka 1905, vijana waliotaka kazi ya utawala walifungiwa katika vyumba vidogo wakaandika insha juu ya vitabu vya wahenga wao. Katika enzi ya Song wakuu waliona kwamba karatasi peke yake haitoshi, kwa maana msahihishaji aweza kuutambua mwandiko wa mpwawe. Wakaamuru jina la kila mtahiniwa lifunikwe, kisha makarani wayanakili majibu yote upya, na msahihishaji asome nakala tu. Tazama basi jinsi watu walivyohangaika, miaka kama 1,000 iliyopita, kuuondoa mwandiko katika hukumu ya akili. Kompyuta leo hufanya kazi ya makarani wale bila ya wino.

Huku kwetu Afrika Mashariki, maandishi yalikuwako pwani tangu karne nyingi. Katika chuo cha Kurani mtoto aliandika aya juu ya ubao, akaihifadhi, akamsomea mwalimu wake kwa moyo. Akiiweza, ubao ulioshwa akaandikiwa nyingine. Mtahini na mtahiniwa walitazamana uso kwa uso. Mtihani wa kumjibu mtu usiyemwona ulituenea kwa njia ya shule za misheni na za serikali ya kikoloni. Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza mwaka 1858 kuwatahini wanafunzi wa shule zilizo nje ya mji wake, na baada ya miaka michache mtihani huo ukavuka bahari. Ulipofika Kenya, wanafunzi wachache waliobahatika kumaliza sekondari waliandika majibu yao hapa, nazo karatasi zikasafirishwa mpaka Uingereza, zikasahihishwe na watu wasiowajua. Umbali ule ulikuwa na faida na hasara. Faida ni kwamba mjomba wako hakuweza kukupendelea. Hasara ni kwamba uliulizwa mambo ya nchi ya mbali, na aliyekusoma hakujua mvua yako wala shamba lako.

Chini ya hapo palikuwa na vichujio vingine. Baada ya ripoti ya Kamati ya Beecher ya mwaka 1949, mtoto wa Kiafrika alikutana na mtihani mwisho wa mwaka wa nne, na mwingine, ulioitwa KAPE, mwisho wa mwaka wa nane. Herufi A katika jina hilo ilimtaja Mwafrika, kwa kuwa watoto wa Kizungu na wa Kihindi walikuwa na mitihani yao mbali. Karatasi zote zilikuwa nyeupe, lakini hazikuwa sawa. Mwaka 1964, mara baada ya Uhuru, mitihani hiyo iliyogawanywa kwa rangi iliunganishwa ikawa mmoja, KPE. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza mtoto wa Bungoma na mtoto wa tajiri wa Nairobi walijibu swali moja.

Lakini uhuru ulileta pia wingi. Shule za msingi zilijaa, na nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Nani angesahihisha karatasi za umati ule kwa muda wa majuma machache? Katikati ya miaka ya 1960 mtihani mpya, CPE, ulichukua mahali pa KPE, nao ulikuwa wa kuchagua jibu moja kati ya kadhaa na kulitia alama kwa kalamu ya risasi, ili mashine isome.

Hapa nataka msomaji asimame kidogo, kwa sababu wengi hudhani mashine imeingia katika mtihani wetu leo. Huko Marekani katika jimbo la Michigan alikuwako mwalimu wa sayansi, jina lake Reynold Johnson, aliyetengeneza chombo cha kusahihisha majibu kwa umeme. Kampuni ya IBM ilimwajiri mwaka 1934, na mwaka 1938 ikaanza kuuza mashine yake. Siri ilikuwa nyepesi: grafiti, yaani ule weusi wa kalamu ya risasi, hupitisha umeme, na wino wa kawaida haupitishi. Mashine ikigusa mahali palipotiwa alama, umeme hupita, na jibu huhesabiwa. Baadaye zikaja mashine zilizosoma kwa mwanga. Basi kila mtoto wa Kenya aliyechonga kalamu yake ya risasi asubuhi ya mtihani na kuonywa asiikunje karatasi ya majibu alikuwa tayari akitahiniwa na mashine. Mimi mwenyewe nilipofanya mtihani wa darasa la nane nilikuwa mmoja wao.

Je, mashine ile ilileta nini? Ilileta haraka, na ilileta usawa wa namna fulani, kwa sababu haichoki jioni wala haina mpwa. Lakini ilileta pia jambo lisilokusudiwa. Mashine haikuweza kusoma insha. Kwa hiyo insha ikatoka katika mtihani. Nalo lisiloulizwa katika mtihani aghalabu halifundishwi darasani. Mtoto angeweza kumaliza miaka saba ya shule akijua kutia alama vizuri, na asijue kumwandikia nduguye barua. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliochunguza ajira nchini Kenya uliulaumu mfumo wa mitihani, na katika miaka iliyofuata wataalamu walifanya juhudi kuyageuza maswali ya CPE yapime fikira zaidi na kumbukumbu kidogo. Ulipokuja mtihani wa KCPE mwaka 1985, insha ya Kiingereza na insha ya Kiswahili zilikuwamo. Serikali ilikubali gharama ya kuwakusanya walimu wasome kwa macho yao maandishi ya watoto, kwa kuwa ilikwisha onekana kwamba gharama ya kutoyasoma ni kubwa zaidi.

Tusidhani kwamba karatasi ni malaika. Baraza la Mitihani la Kenya liliundwa mwaka 1980, baada ya Baraza la Afrika Mashariki la mwaka 1967 kuvunjika pamoja na umoja wa nchi zetu, na KCSE ikaanza mwaka 1989. Karatasi zikasafiri katika magari, zikalala katika maghala, zikapita mikononi mwa watu wengi, na kila mkono ni mlango. Katika KCSE ya mwaka 2015 matokeo ya watahiniwa 5,101 yalifutwa kwa sababu ya udanganyifu. Mwaka 2016 serikali ikaanza kuyaweka maswali katika makontena ya chuma, yanayofunguliwa alfajiri mbele ya askari. Mwaka 2024 jina la mtahiniwa lilichapwa juu ya karatasi yake ya maswali, ili ikipigwa picha ijulikane ilitoka kwa nani. Tumerudi basi kwenye jambo la ua wa Bukusu: tunatafuta mashahidi.

Wanaoitetea kompyuta husema: swali lisilosafiri barabarani haliibiwi barabarani. Neno hilo lina nguvu. Nchi ya Finland iliuhamisha mtihani wake wa mwisho wa sekondari kutoka karatasi hadi kompyuta kati ya mwaka 2016 na 2019, somo baada ya somo, na wanafunzi wake huandika insha ndefu kwa njia hiyo. Nigeria iliufanya mtihani wake wa kuingia vyuo vikuu kuwa wa kompyuta peke yake tangu mwaka 2015. Lakini mwaka 2025 bodi ya mtihani huo ilikiri kwamba hitilafu ya mitambo iliyaharibu matokeo katika Lagos na majimbo ya kusini-mashariki, na watahiniwa zaidi ya 370,000 wakapewa nafasi ya kurudia. Mwizi wa barabarani huiba bahasha moja. Kosa moja la programu huweza kuwafikia watoto wa majimbo sita kwa siku moja.

Hata Kenya jambo hili si geni. Mwanafunzi wa somo la kompyuta katika KCSE hufanya karatasi ya vitendo mbele ya mashine, kisha kazi yake huhifadhiwa katika CD, na huchapwa kwenye karatasi. Mtihani wa kompyuta nao umeona ni busara kuwa na shahidi wa karatasi.

Sasa niwaambie niliyoyaona kwa macho yangu. Katika shule moja niliyofundisha tulijaribu kuwapa wanafunzi jaribio la Kiswahili kwa kompyuta. Mashine zilikuwa 12, na wanafunzi 48. Ikatupasa kuwaingiza kwa zamu 4. Zamu ya nne ilipoingia ilikwisha yajua maswali yote, kwa sababu ya kwanza ilikuwa imekaa chini ya mwembe ikiyasimulia. Katika zamu ya tatu umeme ulikatika. Msichana mmoja ambaye kwa kawaida huandika kurasa mbili bila kuinua kichwa alikuwa ameandika nusu ukurasa tu, akizitafuta herufi moja moja kama mtu aokotaye kokoto, na hata nusu hiyo ikapotea. Akalia. Nikampa karatasi. Dau la mnyonge haliendi joshi, na siku ile mnyonge alikuwa ni yule asiye na kompyuta nyumbani.

Lakini haki yataka niseme na ya pili. Katika zamu ya kwanza alikuwako mvulana ambaye mwandiko wake ni kama nyayo za kuku matopeni. Kwa miaka miwili nilikuwa nikiisoma mistari mitatu ya insha yake, nikachoka, nikampa alama za huruma. Siku ile niliisoma yote, imeandikwa kwa herufi zilizo sawa na za wenzake, na ilikuwa nzuri kuliko zote. Niliona haya. Wachina wa enzi ya Song walikuwa wameniona kabla sijazaliwa.

Basi, twaweza kutoa hukumu gani? Mimi naona kwamba anayeuliza kama karatasi ni bora kuliko kompyuta hajalifikia shina la swali. Historia yetu yatufundisha kuuliza mambo mawili kwa kila chombo kinacholetwa. La kwanza: chombo hiki kitaturuhusu kuuliza nini, na kitatukataza kuuliza nini? Kalamu ya risasi na mashine yake zilitukataza kuuliza insha, tukalipa kwa watoto wasioweza kuandika. La pili: chombo hiki kitamwacha nani nje ya mlango? Tangu mwaka 2016 serikali iligawa vifaa vya kidijitali zaidi ya milioni moja katika shule za msingi, nalo ni jambo la kusifiwa; lakini kifaa kinachoguswa mara moja kwa juma hakimfanyi mtoto awe sawa na yule anayekitumia kila jioni nyumbani kwake.

Kwa hiyo neno langu ni hili. Kompyuta na ije, lakini ianze katika mafunzo kabla ya kuja katika mtihani. Mtoto asihukumiwe kwa chombo ambacho hakukizoea mikononi mwake. Umeme na uwe na akiba, mashine na zilingane na idadi ya wanafunzi, na insha ibaki, isomwe na mtu. Mpaka siku hiyo itakapofika Myanga kama ilivyofika Nairobi, karatasi na iendelee, pamoja na kasoro zake tunazozijua.

Nanyi vijana mnaosoma haya, baadhi yenu mtakuwa walimu, na baadhi mtakaa katika mabaraza yanayoamua mambo haya. Mtakapoletewa chombo kipya kinachong'aa, msikikatae kwa sababu ni kipya, wala msikipokee kwa sababu hiyo hiyo. Mkumbukeni yule msichana aliyelia, mkamkumbuke pia yule mvulana ambaye insha yake haikupata kusomwa. Wote wawili walikuwa darasa moja, na mtihani wa haki ni ule utakaowatosha wote wawili.