Sabasaba: Sababu Ipo, Jina Hakuna

Nina ugonjwa wa kusoma hukumu za mahakama. Kwenye kesi za mauaji, ripoti ya daktari aliyechunguza maiti huwa fupi ajabu: majeraha, kisha sababu ya kifo, maneno mawili matatu ya Kiingereza. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili lugha ya mahakama, lakini karatasi hiyo bado naikuta kwa Kiingereza. Mjane atasomewa nini hapo?

Tanzania Bara jambo hili lina Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya 1980. Mtu akifa kwa kupigwa, kwa ajali, au ghafla bila sababu kujulikana, polisi hupewa taarifa, na daktari huupasua mwili au huukagua kwa nje tu. Ikibidi, hata kaburi hufukuliwa.

Kufukua wafu si jambo geni Upare. Zamani baadhi ya koo zilikuwa zikilitoa fuvu la mzee kaburini na kuliweka mahali patakatifu pa ukoo, pamoja na ya waliomtangulia. Isaria Kimambo, mwana wa milima hiyo, alichapisha historia ya Wapare mwaka 1969 akitegemea sana masimulizi ya koo. Koo hazikuuliza mzee amekufaje. Ziliuliza huyu ni nani, akae karibu na nani.

Sasa njoo Same mjini. Jioni ya Juni 28, 2025, basi na basi dogo viligongana eneo la Sabasaba, vikawaka moto. Kesho yake Ikulu ilitaja vifo 38. Miili 36 ilikuwa haijatambuliwa kwa jinsi ilivyoungua. Daktari afanye nini? Sababu ya kifo kila mtu aliiona. Swali la serikali lilikuwa limeshajibiwa, likabaki lile la ukoo.

Hapo ndipo vinasaba huingia, na ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mama au mtoto hutoa sampuli yake, nayo hulinganishwa na ya mwili. Majibu si ya siku moja, na wakati huo matanga yameshawekwa, watu wamekaa, jeneza hakuna. Bila jina hakuna cheti cha kifo kutoka RITA. Bila cheti, mirathi husimama na fedha za benki hazitoki. Na shimo la kaburi, kule mlimani, lichimbwe lini?