Maua ya Kivulini katika Nchi ya Nyasa

Mtu akizuru nyumba za Kyela siku hizi, hususa zile zenye baraza pana na mapazia mazito, huweza kuona pembeni mwa sebule mmea mmoja au miwili ndani ya kopo la rangi lililokwisha kazi. Jua halifiki hapo, na maji hupatikana pale mwenye nyumba anapokumbuka. Walakini mmea u hai na majani yake yanang'aa. Wengi hudhani kwamba desturi hii, pamoja na mimea yenyewe, imeletwa kutoka Ulaya. Juu ya desturi sina la kubisha. Juu ya mimea, habari ni nyingine: baadhi ya ile inayosifiwa ulimwenguni kwa kuvumilia vyumba vya giza asili yake ni Afrika ya Mashariki, na historia yake yapita karibu sana na ufuko huu wa kaskazini wa Ziwa Nyasa.

Sababu ya uvumilivu huo mkulima wa Kyela hahitaji kufundishwa, kwa kuwa mikakao yake (nayo ni migeni, asili yake Amerika ya Kusini) humea vema chini ya migomba na miti mirefu. Mmea uliozaliwa sakafuni mwa msitu umezoea kuishi kwa makombo ya mwanga, yaani yale yanayosazwa na miti mikubwa. Hukua polepole na kutumia kidogo. Ukiutia chumbani, hauoni ugeni mwingi.

Wa kwanza kusafiri ni ule ambao wataalamu huuita Impatiens walleriana, ua dogo la kando ya vijito, lenye shina la majimaji na tunda linalopasuka likiguswa. Ndiyo maana jina lake la Kilatini lamaanisha asiye na subira. Mwaka 1859 Livingstone alifika Ziwa Nyasa, akifuatana na Dakta John Kirk, aliyekuwa tabibu na mjuzi wa mimea. Miaka miwili baadaye walikuja wamisionari wa Universities' Mission katika nyanda za Shire, kusini mwa ziwa, na miongoni mwao alikuwamo Horace Waller. Ua hilo lilipoandikwa kitabuni na Joseph Hooker wa bustani ya Kew mwaka 1868, lilipewa jina la Waller. Kisha Kirk, ambaye sasa alikuwa balozi wa Uingereza Unguja, akapeleka Kew ua jingine, na Hooker akaliita mwaka 1882 kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Baadaye ilionekana kwamba maua hayo mawili ni moja. Kwa sheria ya wataalamu jina la kwanza hushinda, basi Sultani akavuliwa ua lake, likarudi kwa mmisionari.

Habari ya Usambara imekwisha simuliwa mara nyingi, nami nitaipita upesi. Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, alipeleka kwa baba yake mbegu za ua la zambarau la miambani, na mwaka 1893 Hermann Wendland wa Hannover akaliita Saintpaulia. Likawa ua la madirishani Ulaya na Marekani, wakati misitu lilikotoka ikizidi kukatwa.

Lililo karibu zaidi nasi ni jambo la Walter Goetze na Adolf Stolz. Goetze aliondoka pwani mwaka 1898, akapita Uluguru, ambako alichuma ua la jamaa hiyo hiyo ya Saintpaulia, kisha akaja hadi milima ya Kinga na nchi ya Nyasa. Alifariki mwaka 1899, kabla majani yake hayajachapishwa kitabuni. Ua lake la Uluguru lilipewa jina lake mwaka 1900. Stolz alikuwa mtu wa misheni ya Moravian, akikaa Kyimbila karibu na Tukuyu, juu ya uwanda huu ambao mito ya Kiwira na Mbaka huuteremkia. Kabla ya vita vya 1914 alikausha mimea ya nchi hiyo kwa wingi usio wa kawaida, na hata leo mimea mingi ina jina la stolzii. Mavuno ya watu hawa yaliwekwa Berlin. Mwezi wa Machi 1943 mabomu yaliunguza hazina hiyo, na majani ya Unyakyusa yakateketea katika vita visivyowahusu. Kilichosalia ni nakala ambazo zilikuwa zimegawiwa miji mingine.

Hasara hiyo yaniuma kwa sababu moja. Waller, Sultani, Saint Paul, Goetze, Stolz: wote wamo katika majina. Hayumo hata mmoja wa watu wa nchi waliojua kijito kipi kina ua lipi, na mazee wenye kuyajua majina ya Kinyakyusa na ya Kikisi wanapungua kila mwaka.

Mmea wa kopo la rangi niliotaja mwanzoni, wenye majani mazito yaliyopangana kama unyoya, mara nyingi ni Zamioculcas. Asili yake yaanzia Kenya, yapita Tanzania na Malawi, hata Afrika ya Kusini. Wazungu waliuandika mwaka 1829, wakausahau karibu, mpaka wakulima wa Uholanzi walipoanza kuuzalisha kwa biashara katika miaka ya 1990. Ndipo ukarudi kwetu ukiwa na bei. Utomvu wake huwasha, basi watoto wasiutafune. Huweka maji katika viazi vyake chini ya udongo. Kwa hiyo kiu haiuui upesi, bali wema wa kupita kiasi ndio unaouua. Wengine sasa huupanda katika vyungu vya Wakisi vinavyouzwa Matema. Vyapendeza, lakini vilifinyangwa kwa kupikia na kuwekea maji, wala havina tundu chini. Apandaye humo hana budi kulitoboa mwenyewe, taratibu, kwa msumari.