Kudai Haki ya Mwenye Ulemavu: Muongozo kwa Mwenye Kujisemea na kwa Jumuiya

  

Maswali mengi tunayoulizwa kuhusu ulemavu ni ya ibada. Mwenye kiti mwendo asimame wapi katika safu, asiye na mkono atawadhe vipi, kiziwi aozeshwe kwa tamko gani. Ni maswali mazuri na majibu yake yamo katika vitabu vya fiqhi. Lakini liko swali jengine ambalo watu hulileta kwa kunong'ona baada ya darsa, viatu vishavaliwa: "Sheikh, mwanangu kakataliwa skuli. Nende wapi?" Au: "Ndugu zangu wananiwekea urithi wangu, wanasema mimi sioni. Nifanye nini?" Makala hii ni ya swali hilo.

Aliyesema haja yake

Imepokewa katika Swahihi Bukhari kuwa 'Itbaan bin Maalik (Radhwiya Allaahu 'anhu), Answari aliyehudhuria Badri, alimwendea Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) kwa shida yake. Macho yake yalikuwa yamedhoofika. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaswalisha watu wa kwao, na mvua ikinyesha bonde baina yake na wao hujaa maji, hawezi kuvuka. Akaomba Mtume aende nyumbani kwake akaswali mahali ambapo yeye atapafanya pa kuswalia. Mtume akaenda, pamoja na Abu Bakr. Alipofika, kabla hajakaa, alimuuliza 'Itbaan mwenyewe ni sehemu gani ya nyumba anapotaka aswali.

Tazama alivyoipanga haja yake. Kwanza hali ya mwili wake, kwa maneno machache. Pili kizuizi chenyewe: maji ya bondeni. Tatu jambo moja analolitaka, lenye mahali na namna. Hakulalamika kuwa watu hawamjali. Tazama na upande wa pili: mwenye madaraka hakumchagulia pembe ya nyumba, alimuuliza. Maofisa wetu wengi wangelifanya hili la pili tu, tungelikuwa mbali.

Mwengine ni Ibn Umm Maktuum (Radhwiya Allaahu 'anhu), ambaye hakuwa akiona. Ilipoteremka aya ya Suratun-Nisaa inayowatofautisha waliokaa na waliotoka katika jihadi, alikwenda kwa Mtume akaeleza kuwa lau angeliweza angelitoka. Zayd bin Thaabit, aliyekuwa akiandika, ndiye anayesimulia kuwa papo hapo likateremka neno la kuwavua wenye udhuru. Na Ibn Umm Maktuum huyo huyo aliachiwa Madina mara kadhaa Mtume anaposafiri. Kwa hiyo anayesema kuwa mtu mwenye ulemavu kudai haki yake ni utovu wa subira, amekosea. Subira ni kwa qadari ya Allaah. Ngazi za jengo la serikali si qadari, zimechorwa na fundi.

Sadaka ni kitu kimoja, haki ni kitu chengine

Kwetu Unguja na Pemba mtu mwenye ulemavu hupewa kwa ukarimu. Ijumaa mlangoni mwa msikiti, Ramadhani kwa futari, sikukuu kwa kanga na mchele. Hili ni jema na liendelee. Ila anayepewa sadaka hana la kusema kuhusu kiasi wala wakati, na mtoaji akikosa hana wa kumshitaki. Haki ina mdaiwa, ina maandishi, na ina pa kushitakia. Ukiingia ofisini umeinamisha kichwa na kusema "naomba msaada", utapewa noti ya shilingi elfu tano na kurudishwa nyumbani, na ofisa atajiona amefanya wema. Ingia useme: "Nimekuja kufuatilia haki yangu ya huduma hii." Adabu ile ile, sauti ile ile ya upole, lakini neno tafauti.

Maandishi yaliyopo

Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu tarehe 13 Disemba 2006, na Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ibara ya 9 inahusu kuyafikia majengo, usafiri na habari. Ya 12 inamtambua mtu mwenye ulemavu kuwa sawa na mwengine mbele ya sheria. Ya 24 ni ya elimu, ya 25 ya afya, ya 27 ya kazi, ya 29 ya siasa na kura. Ibara ya 4 inaitaka serikali iwashauri watu wenye ulemavu wenyewe, kupitia jumuiya zao, inapotunga sheria na sera zinazowahusu. Ibara hii ina nguvu kuliko inavyotumiwa.

Zanzibar ilikuwa na sheria yake ya mwaka 2006, na mwaka 2022 ikatungwa mpya. Bara wana Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, ambayo humo mna kipengele kinachomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Hapa watu huchanganyikiwa. Mambo ya ulemavu si ya Muungano, kwa hiyo sheria ile ni ya Bara. Mtu wa Wete akimsomea ofisa wa SMZ kifungu cha Bara, atarudishwa kwa sentensi moja na barua yake nzima itaonekana haina maana. Nunua au omba nakala ya sheria ya Zanzibar, iwe mkononi, na tia alama kifungu unachokitaka. Asiyeona aiombe kwa sauti au nukta nundu kupitia jumuiya yake.

Kujisemea mwenyewe

Kabla ya kutoka nyumbani, jaribu kulisema dai lako kwa sentensi mbili. Ikiwa huwezi, bado hujajua unataka nini. "Watoto wetu wanateseka" si dai. Dai ni kama hili:

"Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa darasa la tano anayetumia kiti mwendo. Darasa lake liko ghorofa ya kwanza na tangu Januari anabebwa mgongoni na wenzake. Naomba darasa la tano lihamishiwe chumba cha chini kabla ya kufunguliwa muhula ujao. Naomba jibu la maandishi ndani ya wiki mbili."

Ombi hili halina gharama. Kubadilishana vyumba ni kazi ya asubuhi moja. Anza na lisilo na gharama kila inapowezekana, kwani mwalimu mkuu hawezi kujificha nyuma ya neno "bajeti". Njia ya mteremko na choo cha mlango mpana vitafuata, na hivyo vina msimu wake: mwaka wa fedha huanza Julai 1, na Baraza la Wawakilishi hujadili bajeti miezi ya Mei na Juni. Anayepeleka ombi la ujenzi mwezi wa Juni ameshachelewa. Lipelekwe miezi mingi kabla, wakati idara bado zinaandaa mipango yao.

Jambo la pili ni kumjua mwenye kuamua. Watu hupoteza miezi kwa mtu asiye na uwezo wa kusema ndiyo. Sheha atakuandikia barua ya utambulisho na ni vyema kuanza naye, lakini sheha hahamishi darasa. Uliza ofisini waziwazi: "Nani anaidhinisha jambo hili?" Andika jina la cheo chake.

Tatu, maandishi. Barua iwe na nakala mbili. Moja ibaki masjala, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, tarehe na saini, urudi nayo nyumbani. Ukipeleka kwa mkono wa mtu, asainishe daftari la dispachi. Nimeona madai ya haki kabisa yakifa kwa sababu ofisa amehamishwa na aliyekuja anasema hakuna faili. Mwenye nakala iliyogongwa muhuri hawezi kuambiwa hivyo. Baada ya kila mazungumzo ya mdomo, hata ya simu, andika tarehe, jina na lililosemwa.

Siku zikipita bila jibu, rudi. Kisha panda ngazi: mkuu wa idara, Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu, mwakilishi wa jimbo. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko dhidi ya mamlaka za umma. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar na wasaidizi wa sheria waliomo mawilayani hutoa ushauri. Mahakama ni mlango wa mwisho, si kwa kuogopwa, bali kwa kuwa unachukua miaka na mtoto anakua.

Urithi, ndoa na kauli ya mwenyewe

Hapa nitakaa kidogo, maana dhulma kubwa zaidi haiko ofisini, iko majumbani mwetu.

Dada asiyeona anafiwa na baba. Shamba la mikarafuu linagawiwa, na fungu lake "anawekewa" na kaka. Miaka kumi baadaye hajui karafuu zimeuzwa kwa bei gani. Akiuliza, anaambiwa ana kila kitu hapa nyumbani, anataka nini tena. Wanavyuoni wametaja sababu za mtu kuzuiliwa mali yake, hajr: utoto, wazimu, usafihi, na kufilisika. Upofu haumo. Uziwi haumo. Ulemavu wa miguu haumo. Hata pale wanavyuoni wa Kishafi walipomtaka asiyeona aweke wakili katika baadhi ya mauziano, wakili huyo anawekwa na yeye mwenyewe na anaweza kumuondoa. Kaka aliyejiweka si wakili. Ni mtu anayeshika mali ya mwenziwe bila idhini, na hukumu ya hilo inajulikana.

Mwenye kadhia hii aende Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, au Mahakama ya Kadhi, na akiogopa kwenda peke yake afuatane na mtu anayemuamini. Aombe vitu viwili: hesabu ya fungu lake tangu siku ya mgao, na kukabidhiwa.

Kiziwi naye. Fuqahaa wamekubali ishara ya bubu inayofahamika kuwa ni sawa na tamko katika nikahi, talaka na mauziano. Basi iweje leo binti kiziwi aulizwe idhini ya ndoa kupitia mama yake, ambaye hajui hata alama kumi? Adai mkalimani wa lugha ya alama, na mkalimani asiwe mtu mwenye maslahi katika jambo lenyewe. Hospitali vivyo hivyo: mgonjwa ndiye anayeelezwa maradhi yake, si shemeji aliyemsindikiza.

Ulemavu wa akili una hukumu zake, na huenda mtu akahitaji msimamizi kweli. Msimamizi huyo anawekewa masharti. Aweke hesabu ya mali. Amuulize mwenyewe kila anachoweza kukijibu, hata kama ni nguo gani avae na nani akae naye. Mzazi anayemsemea mwanawe ajizoeshe kusema "yeye anataka", na awe kweli amemuuliza.

Wakiwa wengi

Mtu mmoja huhamisha darasa. Kubadilisha ramani za skuli zote mpya kunataka jumuiya. Zanzibar tuna Umoja wa Watu wenye Ulemavu, ulioasisiwa miaka ya themanini, na jumuiya za wasioona, viziwi, watu wenye ualbino na watu wenye ulemavu wa akili, pamoja na shirikisho lao, SHIJUWAZA. Anayetaka kuanza ajiunge kwanza na tawi la wilaya yake badala ya kusajili jumuiya mpya yenye mwenyekiti, katibu na muhuri, bila wanachama. Tunazo za aina hiyo za kutosha.

Mwaka 1977 mjini San Francisco, Marekani, watu wenye ulemavu walikaa ndani ya jengo la serikali zaidi ya wiki tatu wakidai kanuni za kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973 zisainiwe. Simu zilipokatwa, viziwi ndio waliopeleka habari nje, kwa alama kupitia madirishani. Wasiohitaji msaada wa kutembea waliwahudumia waliohitaji. Kanuni zikasainiwa tarehe 28 Aprili. Faida ninayoichukua si kukaa katika majengo, kila nchi ina sheria zake za mikutano. Ni kuwa aina zote za ulemavu zilikuwa humo ndani pamoja. Kwetu mara nyingi wenye viti mwendo hudai mteremko, viziwi wakadai mkalimani, na serikali ikawajibu kundi moja na kulinyamazisha la pili.

Mambo mawili huvunja jumuiya. La kwanza ni fedha: posho za semina huwafanya viongozi waipende semina kuliko dai. Hesabu isomwe mbele ya wanachama, kwa alama na kwa sauti. La pili ni msemaji wa kudumu, mara nyingi mwanamme wa mjini mwenye ulemavu mwepesi. Safari hii aende mama wa Micheweni, hata kama anababaika. Wasaidieni kabla ya kikao: mmoja aigize ofisa, amkatize, aangalie saa, aseme hakuna bajeti. Mara tatu za zoezi hili zinatosha kumfanya mtu asipoteze neno lake.

Kamati za misikiti

Mwisho, dai si kwa serikali peke yake. Msikiti wenye ngazi sita bila mteremko, pahala pa udhu penye vigae vinavyoteleza, khutba isiyo na mkalimani ilhali viziwi wanne wanaswali humo kila Ijumaa, nao una wa kuulizwa. Muandikieni mwenyekiti wa kamati kwa utaratibu ule ule: hali, kizuizi, ombi moja, tarehe. Msimtangaze mimbarini kabla hajapewa nafasi ya kujibu. Kwa kamati zinazojenga sasa, mteremko mzuri ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda. Ngazi ya jumla ya sentimita 60 inataka kiasi cha mita 7 na kidogo. Mpimieni fundi kabla hajamwaga zege, na muiteni mwenye kiti mwendo aje apaone.

Wallaahu a'lam.