Sauti ya Pili

Ukitaka kuwaeleza wasomaji wa Kiswahili kazi ya kundi la Shovels & Rope, mwanzoni huna taabu. Ni mke na mume, Cary Ann Hearst na Michael Trent, maskani yao Charleston, Carolina Kusini. Nyimbo wanatunga wenyewe. Jukwaani wako wawili tu na vyombo wanapokezana: huyu ana gitaa, yule kakalia ngoma, wimbo ukiisha wanahamishana. Wanapiga kantri ya Kusini mwa Marekani iliyochanganyika na nyimbo za jadi za huko, na roki kidogo. Mwaka 2013 wimbo wao "Birmingham", unaosimulia jinsi walivyokutana mpaka wakaamua kufanya kazi pamoja, ulipata tuzo ya wimbo bora wa mwaka ya Chama cha Muziki wa Americana. Mpaka hapo kalamu inateleza. Inakwama pale unapotaka kusema zile sauti mbili zinafanyana nini.

Wataalamu wana neno lao, harmoni. Wanaoliandika kwa Kiswahili wengi husema upatanifu wa sauti, wengine ulinganifu. Sina ugomvi na ulinganifu. Katika kitabu cha nadharia kinachoeleza kordi za piano, linatosha. Upatanifu ndio unaonitia wasiwasi, hasa wanaoimba wakiwa mtu na mkewe. Wanaopatana ni watu waliogombana, au wanaoweza kugombana. Andika kwamba wawili hawa "wana upatanifu mzuri", msomaji ataelewa kuwa nyumbani kwao kuna amani. Hayo ni ya mshenga na mashangazi. Sikio halihusiki.

Na muziki huu wenyewe unalikataa neno hilo tangu miaka yake ya awali. Waimbaji A.P. Carter na Sara walioana mwaka 1915, wakakaa katika bonde moja la milimani huko Virginia. Agosti 1927 wakaenda Bristol, mji ulio mpakani mwa Virginia na Tennessee, pamoja na Maybelle, binamu yake Sara aliyekuwa ameolewa na mdogo wake A.P. Ralph Peer wa kampuni ya Victor akawarekodi nyimbo sita. Sara ndiye aliyebeba wimbo, Maybelle akapiga gitaa na kumwekea mwenzake sauti, naye A.P. alikuwa akiingia na besi yake anapojisikia na kutoka anapojisikia, jambo ambalo mwalimu yeyote wa kwaya angemtolea macho. Miaka ya mwanzo ya 1930 Sara akaondoka nyumbani. Baadaye wakaachana kisheria, na mwaka 1939 Sara akaolewa na mtu mwingine, binamu wa A.P. huyo huyo. Katika miaka yote hiyo waliendelea kuingia studio pamoja, na wakaimba katika redio iliyorusha matangazo hadi mbali kutoka mpakani mwa Mexico. Sauti zao hazikuwahi kuachana.

Waimbaji wa kantri George Jones na Tammy Wynette nao walitalikiana mwaka 1975. Mwaka uliofuata wakatoa "Golden Ring", wimbo unaoifuata pete moja ya ndoa tangu dukani, na ukashika nafasi ya kwanza katika chati ya kantri ya Marekani. Sijui mfasiri atauelezaje upatanifu hapo bila kucheka.

Kumbe neno tunalo, na linatumika kila wiki. Kwenye kwaya zetu mwalimu akishaufundisha wimbo hasemi "sasa tupatane". Anasema tugawane sauti. Kuna ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Anayeteleza anaambiwa ashike sauti yake, asiifuate ya kwanza. Mpiga gitaa akimsikia rafiki yake anaanza wimbo, anaombwa: niwekee sauti ya pili. Neno hili linataja kazi, na linamtaja mwenye kazi.

Tuitazame kazi hiyo kwa karibu. Mume anaimba do, re, mi, re, do. Mke anaanzia mi: mi, fa, so, fa, mi. Wanatembea sambamba, na tangu mwanzo hadi mwisho hawagusi noti moja kwa wakati mmoja. Toka do hadi mi ni noti tatu ukizihesabu na hizo mbili, ndiyo maana wanadharia wanauita umbali huo tatu. Lakini umbali wenyewe haulingani kila mahali. Kati ya do na mi kuna nusu-toni nne, kati ya re na fa ziko tatu. Anayeimba sauti ya pili kwa hiyo hanakili tu alichosikia akakipandisha juu kwa kipimo kilekile. Sikio lake linabana na kulegeza kila hatua, kwa namna ambayo wengi wanaoifanya hawawezi hata kuieleza. Mke akiwa ndiye mwenye wimbo, mume aghalabu hafiki juu kiasi hicho. Anaichukua mi ileile na kuishusha oktavu nzima, sasa iko chini ya do ya mke kwa hesabu ya sita. Kwetu hiyo bado ni sauti ya pili. Iwe juu, iwe chini, jina halibadiliki.

Hapa pana mtego. Wanamuziki wa Kusini mwa Marekani humwita tenor yule anayepita juu ya wimbo, hata akiwa mwanamke. Kwetu "tena" ni sauti ya wanaume, chini ya alto. Mfasiri mwenye haraka akiandika "mke anaimba tena", mwanakwaya atadhani mwandishi amekosea, na asiye mwanakwaya atadhani mke huyo alikuwa amenyamaza, sasa amerudia.

Kiitikio pia tukiweke kando. Mwitikiaji wa taarabu anasubiri zamu yake, mwenye sauti ya pili hasubiri. Anavuta pumzi pamoja na mwenzake na kulifunga neno pamoja naye. Mmoja akiwahi kufunga konsonanti ya mwisho, zitasikika mbili. Waimbaji ndugu wa tumbo moja kama akina Louvin au akina Everly walikuwa na nafuu, maana waliokua nyumba moja huzifungua irabu kwa namna moja. Marekani hiyo huitwa harmoni ya damu. Mke na mume hawana mtaji huo. Hearst alikulia Nashville, Trent alikulia Denver, na lafudhi hizo mbili haziko karibu. Kinachosikika leo kama koo moja ni mazoezi, na usiku mwingi sana wa kusimama pamoja jukwaani.

Atakayepinga atasema "ya pili" inanuka cheo: mke atakuwa wa kwanza na mume msaidizi, au kinyume chake. Ni hoja, lakini haitoki kwenye kwaya. Huko alto si makamu wa soprano. Namba inaonyesha tu mpangilio wa sauti toka juu kwenda chini, au nani alishika wimbo kabla ya mwenzake. Ugumu wa kweli uko kwingine. Kwa Sara Carter unajua wimbo uko kwa nani. Kwa Shovels & Rope mara nyingi wote wawili wanaimba toka mstari wa kwanza hadi wa mwisho kwa nguvu ileile, na wimbo unahama katikati ya ubeti bila kuaga. Ukimtafuta wa pili utasikiliza mpaka uchoke.

Kwa hali hiyo nisingetunga neno jipya. Sauti ya pili iwe jina la sehemu anayoishika mtu mmoja. Kuimba sauti mbili iwe jina la tendo lao wote, na harmoni ibaki darasani na wanadharia. Basi sentensi iliyokwama mwanzoni ingeandikika hivi: Hearst na Trent huimba sauti mbili, na ya kwanza huipokezana kama wanavyopokezana gitaa na ngoma.