Mwongozo wa kuchagua programu na miundo ya faili za muziki kwenye tarakilishi ya nyumbani

WAPENZI wengi wa muziki nchini wangali na masanduku ya kanda, santuri na CD walizonunua miongo kadhaa iliyopita. Kanda hizo zinazidi kuchakaa, redio za kuzichezea zimekuwa adimu, na tarakilishi nyingi za kisasa hazina tena mahali pa kuingizia CD.

Kutokana na hali hiyo, familia nyingi huamua kuhamishia muziki wao kwenye tarakilishi. Hata hivyo, uamuzi unaofanywa siku ya kwanza kuhusu muundo wa faili ndio huamua iwapo muziki huo utasikika vyema baada ya miaka 20 au utakuwa umeharibika.

Wanaokosea hugundua wakiwa wamechelewa, wakati kanda asilia imekwisha kutupwa au kukatika. Hasara huwa kubwa zaidi pale ambapo kilichonaswa si wimbo uliouzwa madukani, bali ni nyimbo za harusi ya familia, kwaya ya kijijini au sauti ya nyanya aliyekwisha kuaga dunia.

Jambo la kwanza kufahamu ni kwamba programu na faili ni vitu viwili tofauti. Programu ni kama redio: inaweza kubadilishwa wakati wowote bila kuudhuru muziki. Faili nayo ni kama kanda yenyewe. Ikiharibika, hakuna programu itakayoirekebisha. Kwa sababu hiyo, muundo wa faili unafaa kuchaguliwa kwanza, na programu ifuate baadaye.

Makundi matatu ya faili

Faili za muziki hugawanyika katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni la faili zisizobanwa kamwe, kama vile WAV, muundo uliotolewa na kampuni za Microsoft na IBM mwaka 1991, na AIFF wa Apple.

Faili hizi huhifadhi sauti jinsi ilivyo kwenye CD. CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, hupima sauti mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo hutumia biti 16 kwa kila upande, wa kushoto na wa kulia. Jumla yake ni biti 1,411,200 kwa sekunde. Wimbo wa dakika nne hivyo basi huchukua takriban megabaiti 42.

Kundi la pili ni la faili zilizobanwa bila kupoteza chochote. Mashuhuri zaidi ni FLAC, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2001, na ALAC ya Apple iliyotolewa mwaka 2004. Faili ya aina hii hufanana na nguo zilizokunjwa vizuri ndani ya sanduku: huchukua nafasi ndogo, lakini zikikunjuliwa hakuna kifungo kinachokosekana. Kwa kawaida faili ya FLAC hubakia na ukubwa wa nusu au zaidi kidogo ya ule wa WAV.

Kundi la tatu ni la faili zilizobanwa kwa kutupa sehemu ya sauti. Humu mna MP3, AAC, WMA, Ogg Vorbis na Opus.

MP3 ilibuniwa na watafiti kadhaa, wakiwemo wale wa taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, Ujerumani, ambako Karlheinz Brandenburg alikuwa miongoni mwa wataalamu wakuu. Jina la faili lenye herufi “.mp3” lilianza kutumika mwaka 1995.

Mbinu yake hutegemea udhaifu wa sikio la binadamu. Ngoma inapopigwa kwa kishindo, sikio halisikii mlio mdogo wa kayamba unaotokea papo hapo. Programu ya kubana hutafuta sauti kama hizo zilizofunikwa na nyingine, kisha huziondoa au kuzihifadhi kwa uhafifu.

Wimbo wa dakika nne uliobanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde hutoshea katika megabaiti zisizofika nne. Ukibanwa kwa kilobiti 320, huchukua takriban megabaiti 10.

Tofauti ya viwango hivyo husikika. Katika kilobiti 128, upatu, makofi ya taarabu na magita mepesi ya benga huweza kusikika kama yanayochujwa ndani ya maji. Kuanzia kilobiti 192 hadi 320, wasikilizaji wengi hushindwa kutofautisha MP3 na CD, hasa wakitumia spika za kawaida za nyumbani.

Maji yakimwagika hayazoleki

Kosa linalofanywa na wengi ni kudhani kwamba faili duni inaweza kuboreshwa kwa kuigeuza kuwa ya muundo bora. Kugeuza MP3 ya kilobiti 128 iwe FLAC ni sawa na kumimina chai iliyozimuliwa katika birika kubwa: birika litajaa nafasi, lakini chai haitakolea. Sauti iliyotupwa haiwezi kurejeshwa.

Kosa la pili ni kugeuza faili ya kundi la tatu kuwa faili nyingine ya kundi lilo hilo, kwa mfano kutoka WMA hadi MP3. Kila mara faili inapobanwa upya, sauti nyingine hutupwa, mithili ya kutoa nakala ya karatasi kutoka kwa nakala nyingine hadi maandishi yafifie.

Kwa hivyo, njia salama ni kuweka nakala kuu katika FLAC, kisha kutengeneza MP3 kutokana na nakala hiyo kila zinapohitajika kwa ajili ya simu au redio ya gari. Nakala kuu haiguswi.

Zamani ushauri huu ulikuwa mgumu kutekeleza kwa kuwa diski zilikuwa ndogo na ghali. Siku hizi diski ya nje ya terabaiti moja inaweza kubeba zaidi ya albamu 2,500 za saa moja moja katika muundo wa FLAC. Ni familia chache zilizo na muziki wa kiasi hicho.

Hatari ya faili zilizofungwa

Historia imewafunza wanunuzi wa muziki kutahadhari na faili zinazodhibitiwa na kampuni moja. Duka la muziki la iTunes lilipofunguliwa mwaka 2003, nyimbo zake ziliuzwa zikiwa zimewekewa kufuli ya kidijitali iliyozuia kuchezwa kwenye vifaa visivyoidhinishwa. Apple ilianza kuuza nyimbo zisizo na kufuli mwaka 2007, na mwaka 2009 ikatangaza kuiondoa kwenye nyimbo zote dukani humo.

Mwaka 2008 kampuni ya Yahoo! ilifunga duka lake la muziki. Wateja walishauriwa kunakili nyimbo zao kwenye CD, kwa kuwa mitambo iliyotoa ruhusa ya kuzicheza ilikuwa ikizimwa.

Miundo huru haina tatizo hilo. Maelezo ya FLAC, Ogg Vorbis na Opus yako wazi kwa yeyote anayetaka kuunda programu ya kuisoma. MP3 nayo ilikuwa ikilipiwa leseni na watengenezaji wa programu hadi mpango huo ulipokomeshwa mwezi Aprili mwaka 2017. Leo ni vigumu kupata kifaa cha muziki kisichoweza kuicheza.

Aidha, wanaosikiliza muziki kwa kulipia huduma za intaneti wanafaa kukumbuka kwamba hawaumiliki. Wimbo unaweza kuondolewa mkataba wa mwenye haki unapomalizika, na malipo yakikoma, huduma aliyolipia mteja pia hukoma.

Programu za kuchezea muziki

Katika kuchagua programu, maswali manne yanatosha. Je, inacheza miundo yote iliyomo nyumbani? Je, inapanga nyimbo kwa urahisi? Je, tarakilishi iliyopo inaimudu? Na je, mtumiaji anaweza kuiacha bila kupoteza mpangilio wake?

VLC ndiyo chaguo la kwanza kwa anayetaka programu moja ya kucheza karibu kila kitu. Mradi wake ulianzishwa na wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, Ufaransa, mwaka 1996, na hutolewa bure bila matangazo ya biashara. Inatumika katika Windows, Mac na Linux. Upungufu wake ni kwamba haipangi maktaba kubwa ya muziki kwa ustadi kama programu zilizobuniwa kwa kazi hiyo.

Wenye tarakilishi za Windows wana foobar2000, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2002. Sura yake ni ya kawaida mno, lakini ni nyepesi na hufaa hata mashine kuukuu. MusicBee nayo huvutia zaidi kwa macho na hupanga maktaba kwa picha za majalada ya albamu. Zote mbili hutolewa bila malipo.

Winamp, iliyopendwa sana tangu mwaka 1997, ilinunuliwa na AOL mwaka 1999, na mwaka 2013 ikatangazwa kuwa ingefungwa kabla ya kuuzwa kwa wamiliki wengine. Waliokuwa wakiitumia hawakupoteza nyimbo zao, kwani faili za MP3 hucheza popote. Huo ni ushahidi wa umuhimu wa kutenganisha programu na faili.

Kwa upande wa Mac, programu ya Music ilichukua nafasi ya iTunes mwaka 2019. Programu hiyo haipokei FLAC katika maktaba yake, kwa hivyo wenye Mac hutumia ALAC au VLC. Kugeuza FLAC kuwa ALAC hakudhuru sauti, maadamu zote hazipotezi chochote. Watumiaji wa Linux nao wana Rhythmbox na Audacious.

Kuna sifa mbili zinazostahili kutazamwa. Ya kwanza ni uwezo wa kuunganisha nyimbo bila kimya katikati. Nyimbo nyingi za benga na rumba za enzi ya santuri ziligawanywa katika pande mbili, na kimya kifupi hukatiza uhondo. Ya pili ni kusawazisha sauti, ili wimbo wa zamani usisikike kwa mnong'ono na unaofuata ukawashtua majirani.

Programu yoyote inafaa kupakuliwa kutoka tovuti ya waundaji wake pekee. Nakala zinazosambazwa mitaani au kwenye tovuti zisizojulikana huweza kubeba virusi.

Kunakili CD na kanda

CD hunakiliwa vyema kwa programu inayokagua makosa. Exact Audio Copy, ya Windows, husoma tena sehemu zilizokwaruzika na kulinganisha matokeo na yale ya watu wengine waliokwisha kunakili CD hiyo hiyo. Kabla ya kuanza, mtumiaji ahakikishe amechagua FLAC, kwani baadhi ya programu huchagua zenyewe muundo unaotupa sauti.

Kanda huhitaji subira zaidi. Kichwa cha kusomea hupanguswa kwanza kwa pamba iliyotiwa spiriti kidogo. Waya hutolewa kwenye redio na kuingizwa katika tundu la sauti la tarakilishi, si lile la maikrofoni. Kwa kipakatalishi kisicho na tundu hilo, kuna vifaa vidogo vya USB vinavyofanya kazi hiyo.

Programu ya Audacity, inayotolewa bure tangu mwaka 2000, hutumika kunasa. Kiwango cha sauti kisifike sehemu nyekundu, kwa kuwa sauti iliyopasuka wakati wa kunasa haitibiki.

Chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti, IASA, hupendekeza vipimo visivyopungua 48,000 kwa sekunde vya biti 24. Saa moja ya kunasa kwa kiwango hicho huchukua takriban gigabaiti moja kabla ya kubanwa.

Thamani ya kazi hii imeonekana nchini. Baada ya kifo cha mwanamuziki Joseph Kamaru mwaka 2018, mjukuu wake wa jina lilo hilo, anayefahamika kisanii kama KMRU, ameendelea kuziweka rekodi za babu yake kwenye tovuti ya Bandcamp, ambako wanunuzi huweza kuzipakua katika FLAC. Jijini Nairobi, Ketebul Music imekuwa ikikusanya na kutoa upya muziki wa vizazi vilivyopita.

Majina na nakala za akiba

Faili isiyo na jina ni sawa na kanda isiyo na karatasi. Kila wimbo uandikiwe jina, msanii, albamu na mwaka ndani ya faili yenyewe, si kwenye orodha ya programu pekee. Kwa rekodi za familia, iongezwe mahali iliponaswa na majina ya wanaosikika, maadamu wangalipo wazee wa kuwatambua.

Baada ya hapo, ziwepo nakala tatu: moja kwenye tarakilishi, ya pili kwenye diski ya nje, na ya tatu katika nyumba nyingine, kwa jamaa au kwenye hifadhi ya intaneti. Diski huharibika bila kutoa onyo, na mwizi anayebeba tarakilishi hubeba pia diski iliyo kando yake.

Ikumbukwe pia kwamba Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huwalinda wasanii, na kunakili kazi zao ili kuziuza bila idhini ni kosa.

Anayeanza leo anaweza kufuata utaratibu mfupi: FLAC kwa nakala kuu, MP3 ya kilobiti 192 au zaidi kwa simu na gari, VLC au foobar2000 kwa kusikiliza, na diski mbili kwa akiba. Aanze na kanda za familia ambazo hazina nakala nyingine popote, na asitupe hata moja kabla ya kuisikiliza nakala yake kuanzia mwanzo hadi mwisho.