Shule Nane na Droo ya Mtafiti

Alama 28, 8, hasi 3, 7, hasi 1, 1, 18 na 12. Hayo ni matokeo ya shule 8 za sekondari nchini Marekani, ambako wanafunzi walipewa masomo ya ziada ya kujiandaa kwa sehemu ya lugha ya mtihani wa SAT, wenye alama za kuanzia 200 hadi 800. Kila shule iliendesha jaribio lake. Kila tarakimu inaonyesha waliofundishwa waliwapita wenzao kwa alama ngapi, au waliachwa nyuma kwa ngapi. Data zilitoka katika utafiti wa Educational Testing Service, na mwaka 1981 Donald Rubin alizitumia katika makala yake ndani ya Journal of Educational Statistics, jarida lililoanzishwa 1976 na ambalo tangu 1994 linaitwa Journal of Educational and Behavioral Statistics. Makala ilihusu mbinu za ukadiriaji, shule zilikuwa kielelezo tu. Lakini kielelezo hicho kimeishi kuliko tafiti nyingi zilizofanywa kwa ajili ya matokeo yenyewe, na mpaka leo wanaojifunza takwimu za Bayes hukutana nacho mapema.

Nimekifundisha miaka mingi, na kila nikikirudia naona kimebeba hoja ambayo hatujaitendea haki: tunachapisha tafiti za elimu kwa kuangalia matokeo yalivyotoka, badala ya kuangalia utafiti ulivyopangwa.

Tuitazame shule ya kwanza. Alama 28 zinavutia, na mwalimu mkuu angeweza kuzitangaza mbele ya wazazi. Hitilafu sanifu yake, hata hivyo, ni 15. Kwa kipimo cha 0.05 tulichozoea, tofauti ingepaswa kufikia alama 29.4 ndipo iitwe yenye umuhimu wa kitakwimu. Shule ya kwanza haikufika, na hizo nyingine 7 hazikufika pia. Zikiunganishwa zote kwa kuzipa uzito kadiri ya usahihi wa kila moja, wastani ni karibu alama 8, na hitilafu sanifu karibu 4. Rubin alionyesha njia ya katikati: kila shule ibaki na makadirio yake, lakini iazime nguvu kutoka kwa wenzake. Katika kitabu alichoandika baadaye na Gelman, Carlin na Stern, kilichotoka 1995, makadirio ya shule ya kwanza yanashuka kutoka 28 hadi karibu 10.

Sasa tuchukulie kwamba athari ya kweli ni alama 8, na kwamba majarida yanapokea tu matokeo yaliyovuka kizingiti. Jaribio lenye hitilafu ya 15 haliwezi kuchapishwa likiwa na faida ya chini ya alama 29.4. Kwa hiyo kila faida ya jaribio kama hilo itakayofika mikononi mwa msomaji itakuwa imekuzwa zaidi ya mara tatu na nusu, hata kama hakuna mtafiti hata mmoja aliyedanganya. Wote watakuwa wamefanya kazi kwa uaminifu, na bado maktaba itasema uongo.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Theodore Sterling alipitia majarida 4 ya saikolojia na kuchapisha matokeo yake 1959: katika makala 294 zilizotumia vipimo vya umuhimu, 286 zilikataa nadharia tete sifuri, yaani asilimia 97. Robert Rosenthal akaliita tatizo la droo mwaka 1979, kwa maana ya karatasi zinazofungiwa mezani kwa kuwa hazikutoa walichotaka wahariri. Mradi mkubwa wa kurudia tafiti 100 za saikolojia ulipochapishwa katika Science mwaka 2015, asilimia 97 ya makala za awali zilikuwa na umuhimu wa kitakwimu. Katika marudio, ilikuwa asilimia 36. Tangu 1959 asilimia ile ya makala zinazochapishwa haijasogea.

Kinachonisikitisha ni kwamba taaluma ya takwimu za elimu ndiyo hasa iliyotoa dawa. Gene Glass aliipa jina meta-analisisi mwaka 1976, akiieleza kuwa ni uchambuzi wa chambuzi. Larry Hedges alirekebisha upendeleo wa kipimo cha athari mwaka uleule wa 1981, katika jarida lilelile la Rubin. Anthony Bryk na Stephen Raudenbush walitoa kitabu chao cha modeli za ngazi mwaka 1992. Lakini anayetengeneza zana huchapisha kwa watengeneza zana wenzake, akitumia data kama kielelezo, na anayekwenda shuleni na madodoso huchapisha kwingine, kwa zana alizorithi kwa msimamizi wake. Majarida yao hayasomani.

Kwetu nimeliona hilo mara nyingi. Fungua sura ya tatu ya tasnifu yoyote ya elimu katika vyuo vya Afrika Mashariki, na aghalabu utaikuta fomula ya Yamane: gawanya idadi ya walengwa kwa moja kujumlisha idadi hiyo mara mraba wa hitilafu. Kwa hitilafu ya 0.05 na walengwa wengi, jibu hukaribia 400, iwe ni walimu, wanafunzi au wazazi. Fomula hiyo inachukulia kwamba kila mtu amechaguliwa peke yake. Wanafunzi hawapatikani hivyo. Wanakaa darasani pamoja, wanafundishwa na mwalimu mmoja, na hufanana. Ukichukua 40 kutoka kila shule katika shule 10, na uwiano wa kufanana ndani ya shule ukiwa 0.3, basi 400 wako wana uzito wa wanafunzi 32 hivi. Kiwango hicho si cha ajabu: vipimo vya SACMEQ, muungano wa nchi za kusini na mashariki mwa Afrika unaofuatilia ubora wa elimu, vimewahi kukifikia na kukipita.

Kuna mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliyeliepuka shimo hilo kwa akili yake. Alikuwa anapima faida ya kusoma kwa sauti kila siku baada ya vipindi, darasa la tatu, katika shule 10. Angeweza kuzipa shule 5 usomaji na kuzinyima 5. Badala yake alipiga kura ndani ya kila shule: watoto 20 wakasoma, 20 wakawa wa kulinganishwa. Kila shule ikawa jaribio kamili, kama zile 8 za Marekani. Siku ya utetezi, mtahini alifungua jedwali kuu, akateremsha kidole safu kwa safu, kisha akauliza, "Nyota ziko wapi, binti yangu?" Alikuwa akitafuta zile nyota zinazowekwa kando ya matokeo yaliyovuka kizingiti. Hazikuwapo. Akashauriwa awatenganishe wavulana na wasichana, kisha wa mjini na wa kijijini, mpaka kitu kitokee. Mtahini hakuwa na nia mbaya. Alitaka kazi ile ichapishike. Na kwa jinsi majarida yetu yalivyo, alikuwa na haki ya kuamini hivyo.

Wahariri hujitetea kwa hoja moja ya maana: utafiti usio na matokeo mara nyingi ni utafiti dhaifu, uliotumia sampuli ndogo au kipimo kibovu. Nakubali. Lakini udhaifu huo ulikuwepo kabla data hazijakusanywa, na hauponi kwa sababu nyota imetokea. Jaribio dogo lenye nyota ni dhaifu vilevile, tena ndilo la hatari zaidi, kwa sababu makadirio yake ndiyo yaliyokuzwa. Anayekataa la kwanza kwa udhaifu ana wajibu wa kukataa la pili. Jarida la Cortex lilianza 2013 kupokea makala kwa kupima swali na mpango wake, kabla matokeo hayajajulikana. Majarida ya vyuo vyetu yanaweza kuanza hivyo mwezi ujao. Hayahitaji fedha, yanahitaji fomu mpya ya wapitiaji.

Tukiyakosa matokeo ya sifuri tunapata hasara halisi. Nchini Kenya, walimu wa mkataba walikuwa wameonekana kuinua alama katika jaribio la awali. Tessa Bold na wenzake walipolipanua jambo hilo katika mikoa yote 8 ya wakati huo, waligundua kwamba palipoendeshwa na shirika lisilo la kiserikali alama zilipanda, na palipoendeshwa na serikali hazikupanda. Nchini Tanzania, katika shule 350 za wilaya 10, Isaac Mbiti na wenzake walionyesha kwamba ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, ikitolewa peke yake, haikuinua ujifunzaji, lakini ikiambatana na motisha kwa walimu, watoto walijifunza zaidi. Sehemu yenye thamani kwa wizara katika tafiti zote mbili ni ile sifuri. Zote mbili zilitoka katika majarida makubwa ya uchumi, kwa Kiingereza, 2018 na 2019. Mwalimu wa Kahama au Kakamega hakuziona.

Mwanafunzi wangu hakuwatenganisha wavulana na wasichana. Tulikubaliana aongeze kiambatisho kimoja: shule 10, tofauti ya alama kwa kila moja, hitilafu sanifu yake, na idadi ya watoto waliokuwepo siku ya kupimwa. Shule 3 zina hasi. Atakayekuja miaka 10 ijayo na shule zake 12 ataweza kuziunganisha na hizo bila kumwomba mtu faili.