Ndani ya boksi la wufa: ulaini una kazi wapi, na wapi hauna

Kwenye vibanda vya mafundi wa muziki wa gari hapa Mombasa kuna ubishi usiokwisha. Boksi la wufa lipigwe msasa ndani hadi ling'ae, au liachwe lilivyo kwa kuwa hakuna anayeliona? Mteja mmoja huambiwa ukuta laini "unasukuma besi". Mwenzake kibanda cha pili huambiwa ukuta ubandikwe trei za mayai au kapeti ili besi "isigongane". Wote wawili hulipishwa zaidi. Kwa maoni yangu, wote wawili wanalipia kitu ambacho sikio haliwezi kukisikia, na kile wanachostahili kulipia, yaani boksi lisilovuja hewa wala kunywa maji, kinafanywa nusunusu.

Tuanze na hesabu. Kwa joto letu la pwani, sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde. Besi ya hezi 40, ile inayotikisa kioo cha gari, ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 8 na robo tatu, refu kuliko matatu ya abiria 14 yenyewe. Hata ukipanda hadi hezi 80, pale ambapo mafundi wengi huikata wufa na kuziachia spika ndogo kazi iliyobaki, wimbi bado lina zaidi ya mita 4. Wimbi la ukubwa huo likikutana na ukuta wenye vikwaruzo vya milimita 1 au 2, halina habari navyo. Ukuta uliong'arishwa kama meza ya sebuleni na ukuta uliotoka tu kwenye msumeno, kwa wufa ni kitu kimoja.

Ndiyo maana trei za mayai nazo hazina kazi humo. Katika boksi lenye upana wa sentimita 40 ndani, sauti huanza kugongana baina ya kuta mbili kwenye hezi 430 hivi, na wufa iliyokatwa kwenye hezi 80 haifiki huko. Trei ibaki na mayai yake.

Kapeti ndani ina hasara zaidi, kwa sababu inakula nafasi. Chukua boksi la sentimita 40 kwa 40 kwa 30 kwa vipimo vya ndani. Ujazo wake ni lita 48, na kuta zake zote pamoja zina eneo la mita za mraba 0.8. Ukibandika kapeti ya milimita 5 kila upande, unaweza kupoteza hadi lita 4. Rangi yenye unene wa robo milimita itachukua lita 0.2 tu. Aliyepiga hesabu ya boksi kwa makini kisha akajaza kapeti ndani amejiharibia hesabu yake mwenyewe.

Pamba ya mito, ile ya poliesta, ni habari nyingine. Katika boksi lililofungwa kabisa, nyuzi zake hupokea joto la hewa inayobanwa, na wufa ikacheza kana kwamba boksi ni kubwa kuliko lilivyo. Kinadharia faida hiyo haizidi asilimia 40, na kwa vitendo huwa chini ya hapo. Lakini pamba hiyo hujazwa katikati ya boksi, si ukutani. Kwenye boksi lenye bomba la hewa usiiweke karibu na bomba, itavutwa na kuziba njia.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe ya kumalizia ndani. Kubwa ni kuzuia hewa kuvuja. Boksi lililofungwa hufanya kazi kwa sababu hewa iliyomo ni springi: wufa ikirudi nyuma hewa inabanwa, kisha inaisukuma mbele. Pakiwa na ufa mdogo kwenye kiungo, springi hiyo inalegea, na ufa wenyewe unapiga mluzi au kufoka kila besi inapogonga. Mteja husikia mlio huo akadhani wufa imepasuka, akaenda kununua nyingine.

Hili si geni kwetu. Mafundi wa majahazi wa Lamu wanajua kwamba mbao mbili hata zikikutana vipi, bila kalafati chombo kitavuja, ndiyo maana hushindilia pamba yenye mafuta kwenye kila mshono. Boksi nalo linataka kalafati yake. Paka gundi ya mbao urefu wote wa kiungo, si vitone vitone, kisha skurubu zibane. Ikikauka, pitisha silikoni kwenye kila pembe ya ndani na pale waya unapopita, uilainishe kwa kidole. Silikoni yenye harufu ya siki hutoa mvuke wa asidi unaoweza kula chuma, kwa hiyo usifunge wufa siku hiyo hiyo. Iache boksi wazi angalau saa 24.

Kujua kama bado linavuja, washa kijiti cha udi, piga toni ya chini kwa sauti ya wastani, halafu pitisha moshi polepole kando ya kila kiungo. Pale moshi unapotikisika, pana ufa.

Jambo la pili ni maji, na hapa pwani naliweka sawa na la kwanza. Mabaraza mengi ya mtandaoni yanayofundisha ujenzi wa maboksi yanaandikwa na watu wa nchi kavu na baridi. Hawana kaskazi na kusi, wala buti ya gari inayoingiza maji kila masika. MDF ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Uso wake unastahimili kidogo, lakini kingo zilizokatwa hunywa unyevu kama sifongo. Zikivimba hazirudi tena: skurubu zinalegea, kiungo kinafunguka, na unarudi pale pale kwenye uvujaji. Boksi lenye bomba ndilo lililo hatarini zaidi, kwa kuwa linapumua hewa ya nje kila mpigo.

Kwa hiyo rangi ndani ina maana, ila si kwa sababu ya sauti. Rangi ya mafuta au vanishi, mikono miwili, na kingo zipate mkono wa tatu. Rangi ya maji huinua nyuzi za MDF, afadhali uiepuke. Paka baada ya kuunganisha, kupitia tundu la spika, au uache wazi sehemu zitakazopakwa gundi, kwa sababu gundi ya mbao haishiki juu ya rangi. Upande wa chini unaokalia sakafu ya buti upakwe pia kabla ya kuvishwa kapeti. Ukipenda plaiwudi ya milimita 18 badala ya MDF, ni sawa, inavumilia unyevu zaidi. Hakikisha tu haina mapengo kati ya matabaka, maana hayo hulialia.

Rangi hiyo hiyo hufunga vumbi. Wufa nyingi zina tundu nyuma ya sumaku la kupoza koili, na vumbi la mbao au nyuzi za faiba zikivutwa humo huanza kukwaruza koili. Ondoa vumbi lote kabla ya kupaka.

Kuhusu vumbi, nina neno kwa wenye vibanda. Shirika la Utafiti wa Saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu tangu 1995, na formaldehaidi, ambayo imo kwenye gundi ya MDF nyingi, ikaingizwa kundi hilo 2004. Kijana unayemweka ndani ya kibanda kilichofungwa akipiga msasa ukuta ambao hauongezi chochote kwenye besi anavuta vumbi hilo bure. Mpe barakoa ya maana, si leso, na umtoe nje penye upepo.

Msasa una pahala pamoja tu ndani ya boksi: bomba. Hapo hewa hukimbia kweli, na mafundi wazoefu hujitahidi isizidi mita 17 kwa sekunde. Ikizidi, au ikikutana na kona kali, inafoka, na wimbo unasikika kama mtu anayepuliza chupa. Laini kuta za bomba na uviringishe midomo yake miwili, wa ndani na wa nje. Wa ndani ndio husahauliwa, kwa kuwa haukai mbele ya macho ya mteja. Kabla wufa haijafungwa, omba tochi uingize mkono hadi pale.